Risala ya Klabu ya Fasihi kwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani wa Kata, katika Kilele cha Mashindano ya Ushairi ya Madarasa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Diwani wa Kata yetu, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana.

Kwa heshima na taadhima, Klabu ya Fasihi inakukaribisha katika kilele cha mashindano yetu, leo Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani. Tunafahamu kwamba ulikuwa na mwaliko mwingine na ukatuchagua sisi, kwa hiyo hatutaupoteza muda wako.

Shule yetu ilianza mwaka 2007 ikiwa shule ya kata yenye madarasa mawili, ikapata kidato cha tano mwaka 2016, na klabu ikazaliwa miaka miwili baadaye. Hatukubuni jambo jipya. Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana kwa beti na washairi wa zama zake katika karne ya 19, Mathias Mnyampala akazistawisha ngonjera miaka ya 1960, na Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, ni wa mkoa wetu huu wa Tanga. Historia tuiishie hapo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mafanikio yetu ni makubwa. Kila Ijumaa, katika vipindi viwili vya mwisho, wanafunzi wa mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) hugawanyika makundi sita. Kundi moja hughani shairi, la pili huchambua fani na maudhui, na la tatu huupinga uchambuzi huo kwa ushahidi wa mshororo. Baada ya hapo mwalimu huandika ubaoni mishororo mitatu, na makundi hushindana kutunga wa nne wenye mizani, yaani silabi, 16 na vina vilivyotimia. Wanafunzi waliokuwa wakikariri dhamira kutoka kwenye notisi za kaka zao sasa wanagombania zamu ya kughani. Sifa za klabu zimevuka mipaka ya Kata, kwani mwaka jana tulishika nafasi ya pili katika shindano la shule za tarafa, shule ya tatu ikiwa imekwama njiani kwa ubovu wa barabara, jambo ambalo tunaamini Mheshimiwa unalifahamu.

Pamoja na mafanikio hayo, tuna hitaji moja. Hatukuombi ukumbi, spika wala fulana. Tunaomba vitabu. Wanafunzi wa kidato cha sita HKL ni 46, nao wanatakiwa kusoma diwani mbili za mashairi kwa ajili ya mtihani wa Mei mwakani. Nakala tulizonazo ni sita: nne za diwani ya kwanza na mbili za ya pili, na moja kati ya hizo mbili huanzia ukurasa wa 17. Mwezi huu tunawapokea kidato cha tano wapya, nao watajiunga na foleni hiyo hiyo.

Upungufu huu unayaharibu mashindano yenyewe. Kundi linalolala na kitabu Alhamisi usiku ndilo linaloshinda Ijumaa, na kundi linalokipata asubuhi mstarini huja darasani kusikiliza tu. Wengine hunakili mashairi kwa mkono. Muhula uliopita tulitumia vipindi vyote viwili kubishana juu ya mshororo mmoja uliokuwa na mizani 15. Kundi moja lilisema mshairi amezidisha inkisari, yaani kufupisha maneno, jingine likatetea kwa ufasaha kwamba ameikiuka arudhi, yaani kanuni za utunzi, kwa makusudi ili kuonesha pengo lililomo katika jamii, na likapewa alama tatu. Kengele ilipolia, kitabu kikaletwa kutoka bweni la wasichana, tukagundua kwamba mnakili aliiruka silabi "wa". Mpaka leo hatujaamua alama zile tuzifute au tuziache.

Tumewahi kushauriwa tutoe kopi. Kopi za diwani nzima zina gharama, na zaidi ya hayo ni kumwibia mshairi yule yule ambaye tunawafundisha vijana kumheshimu. Michango kwa wazazi nayo ina taratibu zake, hasa tangu elimu bila ada ilipofika kidato cha tano na sita mwaka 2022.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa unyenyekevu mkubwa tunaomba utambue kwamba ombi hili si geni kwenye meza hii. Mgeni rasmi wa mwaka juzi, ambaye tunaendelea kumheshimu, aliahidi nakala 50 kabla ya mwezi kwisha, akapiga picha mbele ya rafu tupu. Kwa hesabu zetu mwezi huo haujaisha bado. Mgeni rasmi wa mwaka jana aliahidi kabati la vitabu pamoja na vitabu vyake. Kabati lilifika, tunalishukuru, na ndimo tunamohifadhi chaki na ngoma ya klabu.

Kwa sababu hiyo tunaomba nakala 60 tu, 30 kwa kila diwani, na tunaomba ahadi yenye tarehe. Kama haitawezekana kwa uwezo wako binafsi, tunakusihi ulifikishe suala hili katika baraza la madiwani wakati bajeti ya mapato ya ndani itakapojadiliwa, kisha ututumie jibu kwa maandishi, hata likiwa ni la kukataa, ili tujue tuelekee wapi.

Kundi lililoshinda leo limetunga ubeti kwa ajili yako. Kamati ilishauriwa iulainishe mshororo wa mwisho; tulijaribu kwa siku mbili, mizani ikakataa, hivyo tunauleta kama ulivyo:

Diwani wetu mgeni, karibu ukae nasi,
Ukenda madarasani, kitabu kimoja basi,
Twakingojea foleni, na kukisoma kwa kasi,
Diwani tupe diwani, ahadi hazitukosi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya Klabu ya Fasihi