Risala ya Wahitimu wa Mafunzo ya Uvuvi wa Mtumbwi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa klabu yetu, wakufunzi, wazazi na walezi, wageni waalikwa, mabibi na mabwana.

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha katika hafla hii ya kuhitimu mafunzo ya kuvua kwa mtumbwi ziwani na mtoni. Tunatambua uzito wa majukumu yako, hivyo tunaomba muda uliotupatia tuutumie kwa jambo moja tunalolijali kuliko mengine yote, nalo ni kwamba mvuvi wa mtumbwi afundishwe chombo kwanza, ndipo afundishwe ndoano.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, chombo chenyewe ni cha kale. Mtumbwi uliogunduliwa Dufuna, kaskazini mashariki mwa Nigeria, mwaka 1987, unakadiriwa kuwa na umri wa miaka ipatayo 8,000, na ule wa Pesse, uliopatikana Uholanzi mwaka 1955, ni wa zamani zaidi ya huo. Mazoea peke yake yasingeweza kuudumisha mtumbwi katika kazi ya uvuvi kwa muda wote huo. Kwa wepesi wake hupita katika maji yasiyofika magotini, ukapenya kwenye matete na vijito ambako mashua ya injini haiwezi kufika, tena hauna mngurumo. Ukimya huo ni mali kubwa kwa mvuvi, kwa kuwa sauti husafiri majini kwa kasi ya takriban mita 1,480 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, na samaki hutambua hata mtikisiko mdogo wa maji kwa mstari wa hisia unaopita ubavuni mwake. Kafi likigonga ukingo wa mtumbwi mara moja tu, samaki wa maji mafupi hutawanyika kabla mshipi haujatupwa. Ndiyo maana wakufunzi wetu walitusahihisha kwa subira, siku baada ya siku, mpaka tukaweza kupiga kafi bila kusikika.

Tulifundishwa pia kuyasoma maji. Mtoni, samaki huelekeza kichwa mkondo unakotoka, na hupenda kujibanza nyuma ya jiwe au gogo, mahali ambapo hatumii nguvu nyingi huku chakula kikimpitia kando. Ziwani, majira ya joto, maji hujipanga kwa matabaka, ya vuguvugu juu na ya baridi chini, na katika maziwa mengi tabaka la chini hupungukiwa na oksijeni, hivyo anayeshusha chambo hadi sakafuni mara nyingi huvua mahali pasipo na samaki.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wepesi unaoufanya mtumbwi ufae kwa uvuvi ndio huohuo unaoufanya upinduke. Mvuvi aliyepiga magoti au kuketi chini huutuliza mtumbwi, lakini akisimama ghafla kwa furaha ya kunasa samaki, uzito hupanda juu na mwinamo mdogo hutosha kummwaga. Kanuni tuliyoishika ni kwamba kichwa cha mvuvi kisitokeze nje ya ukingo wa mtumbwi, hata samaki awe mkubwa kiasi gani. Nanga nayo ina hatari ambayo mgeni wa mto haioni: ikifungwa ubavuni penye mkondo, maji huuvuta ubavu huo chini na kuujaza mtumbwi kwa muda mfupi mno. Hufungwa omo, yaani mbele, au tezi, yaani nyuma, kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja, na kisu kikae karibu. Upepo ukivuma, mizigo husogezwa kidogo upande unakotokea upepo, kwa sababu ncha nyepesi ndiyo inayopeperushwa.

Mtumbwi ukipinduka, mvuvi hapaswi kuuacha ili aogelee kwenda pwani, maana pwani huonekana karibu kuliko ilivyo, na mtumbwi wa mbao huelea hata ukijaa maji. Kwenye maji ya baridi kali, dakika ya kwanza mtu huhema bila kujizuia, na baada ya dakika kama 10 vidole huanza kukosa nguvu hata ya kufunga kishikizo. Kwa sababu hiyo, jaketi la kujiokolea lililokaliwa au kufungwa kwenye mizigo halina msaada wowote. Tunasema wazi kwamba hatuoni ushujaa wowote kwa mvuvi aliyesimama mtumbwini bila jaketi, na tungependa vijana wadogo wasimwige.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, pamoja na mafanikio hayo, bado tuna upungufu. Majaketi tuliyonayo ni ya watu wazima, na jaketi likimpwaya mtoto hupanda hadi masikioni huku mwili ukizama, hivyo watoto wanaotamani kujiunga nasi tunalazimika kuwaacha ufukweni. Tunaomba utusaidie kupata majaketi ya vipimo vyao. Tunaomba pia zoezi la kupinduka kwa makusudi, katika maji mafupi na chini ya usimamizi, liwe sharti kwa kila mwanafunzi kabla ya kukabidhiwa mshipi.

Ombi letu la mwisho linahusu mabwawa mafupi yaliyojengwa kukatiza mito. Anayetokea juu haoni kitu isipokuwa mstari laini wa maji, ilhali chini yake maji huanguka na kujiviringisha kurudi nyuma, yakamshika mtu pamoja na mtumbwi wake. Tunakuomba utufikishie kwa wahusika ombi la kuweka alama za tahadhari mbali vya kutosha kabla ya mabwawa hayo, upande mkondo unakotoka, ili mvuvi apate nafasi ya kutia nanga au kutoka mtoni angali na nguvu za kupiga kafi.

Tunaomba kuwasilisha.