Muuguzi wa kwenye katuni hawezi kuinama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Mimi ni fundi cherehani, nashonea Ngamiani hapa Tanga, na huu ni mwaka wa 26. Nimeshona magauni ya harusi, madera, sare za shule, na kwa miaka mingi sare za wauguzi. Ninayoyaandika nayaandika kama mtu ambaye futi haimtoki shingoni.

Mwezi uliopita mjukuu wangu wa darasa la sita alirudi kutoka shule na kijitabu cha katuni. Waliokigawa sitawataja, maana nia yao ilikuwa njema: kinafundisha watoto kunawa mikono, kuchemsha maji na kumhudumia mtu anayeharisha. Hadithi yenyewe ni ya muuguzi aliyefika kijijini wakati wa maradhi. Mjukuu wangu anapenda kuchora kuliko kula. Alikaa chini ya meza yangu ya kukatia akawa ananakili zile picha kwenye daftari. Baada ya muda akainuka, akaenda mbele ya kioo cha wateja, akajishika kiuno kwa mikono miwili akajibana mpaka akakunja uso. Akaniuliza, "Bibi, kiuno kinaanza kuwa chembamba ukifika darasa la ngapi?"

Mguu ukaniganda kwenye pedeli. Nikamwambia alete hicho kijitabu.

Muuguzi kavaa gauni jeupe lililomganda kama ngozi ya ndizi, vifungo viwili vya juu viko wazi, na pindo limeishia katikati ya paja. Daktari aliye pembeni yake kachorwa na koti lake, kalamu mfukoni, shati limemkaa. Mwenyekiti wa kijiji ana kitambi na baraghashia. Mvuvi ana ndevu za mvi na goti lenye kovu. Kila mwanamume pale ana umri wake na mwili wake. Ukija kwa wanawake, muuguzi, mwalimu na mama wa mtoto mgonjwa wote wana mwili mmoja, kifua kilekile, nyonga zilezile. Kilichobadilika ni kitambaa cha kichwani tu.

Nikachukua rula. Kiuno cha yule muuguzi ni chembamba kuliko kichwa chake. Kichwa cha mtu mzima ukikizungushia futi hupati chini ya inchi 21 au 22. Mwanamke mzima mwembamba kuliko wote niliowahi kumshonea alikuwa na kiuno cha inchi 24, na alikuwa mgonjwa, Mungu amrehemu. Kwa hiyo mjukuu wangu anajibana mbele ya kioo atafute kipimo ambacho mimi, kwa miaka yote hii, sijakutana nacho kwa mwanamke aliye mzima wa afya.

Nikasema ngoja nilikate hilo gauni. Nilitandika gazeti kuukuu mezani, nikapiga chaki kwa kuifuata picha. Sare ya muuguzi ina siri yake. Kwenye nyonga unaachia inchi tatu au nne, mgongoni unaweka mkunjo, makwapa unayapa nafasi, kwa sababu mwenye kuivaa atainama kitandani, atanyanyua mgonjwa, atapandisha mikono kutundika dripu, na pengine atakimbia. Mama wauguzi walinifundisha hayo wenyewe, walipokuwa wakiniletea sare zilizopasuka. Gauni la kwenye kile kijitabu halina nafasi hata ya kupumua. Muuguzi yule akiinama mara moja tu, mshono wa mgongo unaachia.

Na ndiyo maana kwenye kijitabu hakuinama. Ukurasa unaomwonyesha akimnywesha mtoto maji ya chumvi na sukari ndio ulioniuma kuliko yote. Mtoto yuko kushoto, mdomo wazi, amelegea. Muuguzi kageukia kwetu sisi wasomaji, kifua mbele, na papo hapo nyonga zake nazo zinaonekana kwa nyuma, mgongo umesokotwa kama kamba. Nilimwambia mjukuu wangu ajaribu kusimama hivyo. Hakuweza, wala mimi sikuweza. Kikombe na kijiko, ambavyo ndivyo somo lenyewe, vimefunikwa nusu na nyonga. Maelezo yapo chini kwa maandishi madogo: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Nikamuuliza mjukuu wangu, ni vijiko vingapi vya sukari? Hakumbuki. Kiuno alikuwa anakikumbuka.

Mtoto wa dada yangu anasoma uchoraji, naye ndiye aliyenieleza kwamba mkao ule wa mgongo uliosokotwa una historia ndefu katika katuni za mashujaa wa Marekani, na kwamba hukohuko umelalamikiwa sana. Alinionyesha kwenye simu moja ya majalada ya Spider-Woman, shujaa wa kike wa katuni, yaliyotangazwa mwaka 2014 na kampuni ya Marvel, lililochorwa na Milo Manara, Mwitaliano anayejulikana kwa katuni za mapenzi za watu wazima. Shujaa anapanda ukingo wa jengo, makalio juu, nguo kama rangi iliyopakwa mwilini. Wasomaji walipiga kelele. Mwaka uliofuata mhusika huyo akapewa vazi jipya, koti lenye zipu na suruali. Mimi si mtu wa hadithi za watu wanaotambaa ukutani, lakini lile koti nililitazama nikajua papo hapo ningelikataje: vipande viwili mbele, mikono mirefu, kola. Linashoneka. Mtu anaweza kulivaa akafanya kazi.

Lakini tusiwasingizie Wamarekani peke yao. Nimekua na katuni zetu na nazipenda mpaka leo. Tulikuwa tunagombania gazeti la Sani nyumbani, anayeshika mwanzo hampi mwenzake mpaka amalize. Nawakumbuka Madenge, Lodi Lofa na Ndumilakuwili kama majirani zangu. Nimekaa nikijaribu kuwakumbuka wanawake waliokuwa wakipita kwenye katuni za enzi zile, na ninachokumbuka ni maumbo. Majina hayanijii. Nadhani hilo linasema kitu juu ya namna sisi wasomaji tulivyozoeshwa kutazama, mimi mwenyewe nikiwemo, maana nilicheka na wenzangu na sikuuliza.

Najua jibu la wachoraji. Mmoja aliwahi kunijibu dukani, alipokuja kupunguza suruali: "Mama, katuni ni kutia chumvi." Sawa kabisa. Kitambi cha bosi kikizidishwa tunajua anakula cha nani. Masikio ya mtoto mtukutu yakiwa makubwa tunajua ameshayavutwa mara ngapi. Chumvi hiyo inamweleza mtu. Sasa kwa wanawake chumvi inamwagwa palepale kila siku, awe hakimu, awe muuza samaki, awe mke wa mtu au mwizi. Ikimwagwa palepale kwa wote haituelezi chochote juu ya yeyote. Wateja wangu wana mambo mengi ya kutiwa chumvi! Yupo mmoja anaongea na mkono kiunoni na mwingine hewani. Yupo anayevaa miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani. Yupo bibi wa Makorora anayetembea kama anaipigia ngoma barabara. Mchoraji mwenye jicho angewala hao miaka kumi bila kumaliza.

Wala sisemi nyonga kubwa ni aibu. Nazishonea kila siku, inchi 48, inchi 52, na wenyewe wanakuja wakicheka na kuondoka wakijitazama. Sisi watu wa Pwani hatuogopi uzuri. Tuna udi, tuna hina, tuna asumini ya kichwani. Lakini mwanamke anayejifukiza udi ameamua mwenyewe, anajua ni usiku gani na ni kwa ajili ya nani. Muuguzi wa kile kijitabu yuko kazini, na aliyemfungua vifungo ni mtu mwingine.

Hapa naomba nisieleweke vibaya, kwa sababu najua barua ya namna hii huwa inatumika kwa jambo jingine. Marehemu mama yangu alikuwa msichana mwaka 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulipopitisha azimio la kupiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Kule Dar es Salaam vijana walisimamisha mabasi wakawashusha wasichana kwa sababu ya nguo walizovaa. Mama alisimulia mpaka uzeeni, na kila akisimulia alikuwa akivuta kanga yake kufunika magoti, kama bado kuna anayemtazama. Kwa hiyo asije mtu akaikata barua yangu na kwenda nayo kumfokea binti wa mtu kituo cha daladala. Mimi nauliza juu ya kalamu na aliyeishika.

Siombi pia serikali itunge sheria. Marekani walijaribu kanuni. Mwaka 1954, baada ya maseneta kuwahoji hadharani, wachapishaji wa katuni walijiwekea kanuni zao wenyewe, na mojawapo ilisema wanawake wachorwe kwa uhalisia bila kukuza sehemu yoyote ya mwili. Niliposomewa hiyo nilifurahi, nikasema ndiyo haswa. Kisha mtoto wa dada yangu akanisomea nyingine kwenye orodha ileile: polisi, mahakimu na viongozi wa serikali wasichorwe kwa namna ya kuwavunjia heshima. Furaha ikaisha. Mchoraji asiyeweza kumchora kiongozi mwenye tumbo lililojaa kodi zetu ana faida gani kwetu? Kanuni zile zilizidi kupuuzwa, na mwaka 2011 wachapishaji wa mwisho waliokuwa bado wanazifuata nao wakaziacha.

Ninachoomba kinakuhusu wewe Mhariri, na wenzako wanaotoa vijitabu. Picha haijichapishi yenyewe. Kuna mtu anayeipokea, anaitazama na kuipitisha. Habari ikija ina jina la mtu limekosewa, mnairudisha. Basi picha ya mwalimu ambaye hawezi kufika ubaoni kwa sketi aliyovalishwa nayo irudi, mchoraji aambiwe: huyu ni mwalimu, mchore anafundisha. Na mtakapotafuta mchoraji wa kijitabu cha watoto, mtafuteni na msichana mwenye kalamu, wapo. Mmoja ninaye chini ya meza.

Marehemu Shaaban Robert, aliyezaliwa hapa kwetu Vibambani, alipoamua kuandika wasifu wa mwanamke alimchagua Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja. Siti alichekwa kwa sura na kwa asili yake ya shamba. Shaaban Robert aliandika maisha yake na sauti yake, kazi aliyoifanya na watu walivyomfuata, na mpaka leo ukilitaja jina la Siti Tanga nzima inajua unamtaja nani. Ilifanyika kwa maneno. Sioni kwa nini isifanyike kwa wino mweusi na karatasi.

Mjukuu wangu nilimpa kazi. Nilimwambia achore muuguzi mwingine, amtazame jirani yetu anayefanya kazi zahanati, akirudi zamu ya usiku. Amemchora mara tatu. Ya kwanza kiuno bado kilikuwa cha nyigu. Ya pili miguu haikugusa chini. Ya tatu amemchora ameinama, mgongo umepinda vizuri, gauni limekunjamana nyuma ya magoti, na kikombe kiko mbele kabisa, unakiona. Viatu amevichora vimelalia upande mmoja, na nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Bibi, si amesimama usiku kucha?"

Mchoraji wako akipita Tanga, mwambie afike dukani kwangu siku ya Jumamosi, ndiyo siku ya kupima nguo za harusi. Wanakuja mashangazi, wifi, bibi harusi mwenyewe, wadogo zake, na kila mmoja na kipimo chake. Aombe ruhusa, akae na daftari lake. Benchi lipo, na chai ya tangawizi tunapika saa nne.

Wako,
Bibi Fundi,
Ngamiani, Tanga