Barua kwa wahitimu wa kidato cha sita wa Rungwe na Kyela

Wajukuu zangu,

Mugonile. Matokeo hutoka Julai. Msiyasubiri ndipo mwanze kuhangaikia mkopo wa kusomea chuo kikuu. Mnasikia vijiweni kwamba Bodi ya Mikopo hutoa kwa kujuana. Mimi nawaambia fomu nyingi huanguka kwa karatasi, kabla hata umaskini wa nyumbani haujaangaliwa.

Leo jioni wekeni mezani cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne, vikiwa sambamba, msome herufi kwa herufi. Kimoja kikisema Atupele na kingine Atupelye, hao ni watu wawili. Mfumo haujui Kinyakyusa. Kosa la cheti cha kuzaliwa hupelekwa kwa msajili wa wilaya. La kwingine, muoneni wakili kuhusu hati ya kiapo cha majina. Kisha cheti cha kuzaliwa kihakikiwe kwa mtandao na RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo, mpate namba ya uhakiki, maana bila hiyo maombi hayaendi. Yatima anahitaji pia cheti cha kifo kilichohakikiwa. Kibali cha mazishi mnachokitunza kabatini si cheti.

Aliyerudia kidato cha nne ana namba za mtihani zaidi ya moja. Namba uliyoombea chuo ndiyo uombee mkopo. Ukichanganya, chuo watakupokea vizuri tu, lakini Bodi haitaliona jina lako kwenye orodha ya waliodahiliwa.

Ada ya maombi ni shilingi 30,000, na hairudi. Fomu ikishachapwa ipitie kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa, mdhamini asaini na kubandika picha yake, ndipo iende kwa wakili au hakimu. Angalieni muhuri: ukififia, uombeni upigwe tena palepale. Na msipige picha kwa simu huku kivuli cha kidole kimefunika saini. Nendeni stesheneri mkaskani.

Ukipangiwa sehemu tu ya ada, usikate tamaa ukarudi shambani. Dirisha la rufaa hufunguliwa, ambatisha ushahidi ulioukosa mwanzo.

Wazazi, msiuze parachichi zote zikiwa changa kwa dalali. Posho ya mkopo ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, lakini haimngoji mtoto getini. Huingia baada ya usajili na kusaini, tena kwa kuchelewa. Anayekwenda Iringa au Dodoma aondoke na nauli, hela ya godoro na chakula cha mwezi mzima.

Babu yenu,
Tukuyu