Barua ya wazi kwa mdogo wangu aliyesema kisiwani hakuna kitu

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Nakuandikia hadharani kwa sababu uliyoyasema juu ya kile kisiwa uliyasema mbele za watu, nao wakacheka. Ulisema kule ni nyavu na harufu ya samaki tu, mkakaa mkingoja kivuko kiwarudishe. Maneno yale yalinikaa moyoni. Wiki mbili baadaye nikafunga safari mwenyewe, siku ya kazi, kwa kivuko cha alfajiri.

Wewe ulikwenda Jumapili, tena mwezi mpevu. Wavuvi wa taa hutafuta giza. Mbalamwezi ikitanda juu ya maji, taa yao haivuti samaki, basi hupumzika. Ukakuta mitumbwi imelala mchangani ukadhani watu wamelala nayo. Mimi nilifika mwezi umefichika, jua halijapanda, mitumbwi ndiyo inaingia. Wanawake walikuwa wamekwisha kuingia majini mpaka magotini, beseni kichwani, wakipatana bei kabla mtumbwi haujagusa mchanga. Ni wao wanaopasua, wanaotia chumvi, wanaoanika. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa linakadiria kwamba uvuvi mdogo wa namna hii huleta kama asilimia 40 ya samaki wanaovuliwa duniani, na kwamba katika kila watu 10 walio kwenye kazi hiyo, 4 ni wanawake. Hao ndio uliowapita ukitafuta pa kupiga picha.

Na nyavu ulizozidharau! Nilikaa karibu saa nzima kando ya mzee mmoja, kwenye kivuli cha mtumbwi uliofudikizwa. Ameubana wavu kwa kidole gumba cha mguu, mkono mmoja sindano ya mbao, mwingine kibao chembamba kilichong'aa kwa kushikwa. Kila fundo analizungusha juu ya kibao kile, ili jicho la wavu lisizidi wala lisipungue. Nilipomuuliza sababu, akanieleza kwamba jicho likiwa dogo utavua watoto wa samaki, na mwakani utarudi na maji matupu. Zamani nyavu zilikuwa za pamba au katani, zikaoza upesi, zikahitaji kuanikwa kila mara. Nailoni, iliyotangazwa mwaka 1938, haiozi hivyo, na hapo ndipo penye balaa: wavu ukikatika ukapotelea baharini huweza kuendelea kunasa kwa muda mrefu, hayupo wa kuuopoa. Kwa hiyo lile fundo moja analolikaza si jambo dogo.

Sasa kile kivuko. Mwezi ukiwa mpevu au ukiwa gizani, maji ni bamvu: yanajaa sana, yanakupwa sana. Ndiyo maana nyinyi mlingoja, na mimi nikangoja. Kivuko cha saa tano hakikuweza kusogea gatini mpaka maji yaliporudi, karibu saa nane. Sisi wa matembezi tulinung'unika. Tulikuwa tunakosa chakula cha mchana, basi. Pembeni yangu alikaa mama mjamzito juu ya furushi lake, anavuka kwenda hospitali, hasemi neno. Nyuma yake vijana walikuwa na masanduku ya samaki, barafu inayeyuka, maji yanachuruzika kwenye mbao za gati, na kila tone ni bei inashuka.

Kivuko kilipofunga gati, wageni ndio tuliokimbilia viti. Mimi nilikaa dirishani, mkoba nikauweka kwenye kiti cha pili. Nilipogeuka nikamwona yule mama amesimama, ameshika nguzo. Nilimpisha, lakini aibu ile haijanitoka mpaka leo. Kwetu ile ni safari ya siku moja. Kwake ndiyo barabara, na hana nyingine.

Nakuomba urudi, na safari hii twende pamoja. Wiki ijayo mwezi unaingia gizani tena, na Jumanne nitakuwa gatini kabla ya adhana ya alfajiri. Beba maji ya kunywa, maana kurudi tutachelewa. Na mkoba uwe mdogo, wa kukaa mapajani.

Nduguyo.