Minofu Ulaya, mabondo China: barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Nje

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Kirumba, Mwanza, ambako sangara mmoja akishapimwa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, anagawanywa kwa mataifa. Minofu inapita kiwandani kwenda Ulaya. Bondo, yaani mfuko wa hewa wa tumboni mwa samaki, linakaushwa, linasafirishwa China na Hong Kong, na kilo yake inaishinda bei kilo ya nyama mara nyingi. Mapanki, yaani mifupa na vichwa, tunabaki nayo sisi. Kwa hiyo usidhani huku tunaona siasa za wakubwa ni mambo ya New York na Geneva. Mwaka 1999 Ulaya ilipofunga soko kwa hofu ya samaki wanaovuliwa kwa sumu, waliolipa ni pamoja na wavuvi ambao hawakuwahi kuishika hiyo sumu. Mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, petroli ya mashine za mitumbwi ilivuka shilingi 3,000 kwa lita, hadi Serikali ikaweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 mwezi Juni.

Hapo ndipo hoja yangu inapoanzia. Tarehe 2 Machi mwaka huo, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitaka Urusi iondoe majeshi yake. Nchi 141 zilikubali, 5 zilikataa, 35 zikakaa kando. Tanzania ilikaa kando, Uganda pia. Kenya ilisema ndiyo. Ziwa ni moja, misimamo miwili. Silalamikii kura yetu, huenda ilikuwa sahihi kwa nchi inayonunua ngano Urusi na kuuza samaki Ulaya. Lakini hapa mwaloni sijakutana na mtu anayeweza kunieleza sababu yake, na hapa watu wanasikiliza redio kutwa nzima. Tafadhali usinijibu kwa methali ya tembo na nyasi. Hiyo tunaijua.

Wapo watakaosema enzi za Mwalimu tulikuwa na msimamo, sasa tuna biashara. Historia haiko hivyo. Ni kweli kwamba mwaka 1965 Ujerumani Magharibi ilipoondoa msaada wake wa kijeshi kwa sababu Ujerumani Mashariki iliruhusiwa kuwa na uwakilishi hapa baada ya Muungano, Mwalimu aliwaambia wachukue na misaada mingine yote. Desemba mwaka huo huo tukavunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo), ambako walowezi wachache wa Ian Smith walijitangazia uhuru, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukaenda na maji. Lakini Jumuiya ya Madola hatukutoka. Na mwaka 1968 uhusiano na London ukarudishwa, Smith akiwa bado amekaa Salisbury, mji mkuu wake. Msimamo ulipinda. Nchi za Magharibi zilipokataa kugharamia reli ya kwenda Zambia, tukaenda China, tukapata TAZARA ya kilomita 1,860. Hesabu zilikuwepo siku zote.

Kilichokuwepo pia ni maelezo. Aprili 1968 Tanzania ilipoitambua Biafra, iliyojitenga na Nigeria, kinyume cha Uingereza na Urusi ya Kisovieti zote mbili, Serikali ilitoa tamko refu la sababu zake. Unaweza kulipinga hadi leo, na wengi wanalipinga, kwa sababu lipo la kupinga.

Sisi wa Mwanza tuna kumbukumbu yetu nyingine. Machi 1979, wakati wa vita ya Kagera, ndege ya Libya, iliyokuwa ikimsaidia Idi Amin, ilitumwa kuushambulia mji huu, ikakosa shabaha na kuua swala na ndege wa porini kwenye hifadhi. Ilikuwa Tupolev ya Kisovieti. Jeshi letu nalo lilikuwa na silaha za Kisovieti. Mkubwa anaweza kuuza pande zote mbili bila kukosa usingizi, kwa hiyo sikuombi uitafutie Tanzania rafiki wa kudumu.

Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025, limejengwa na kampuni za China kwa fedha za Serikali yetu. Huo ndio uhusiano ninaouelewa: fundi analipwa, anaondoka. Dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi ni habari tofauti. Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, tuliona jinsi uamuzi wa siku moja mjini Washington unavyoweza kumtia hofu mgonjwa wa kisiwani Ukerewe. Kabla ya kuzungumzia heshima ya taifa, hapo ndipo pa kuweka bajeti.

Kuna jambo zito zaidi. Desemba 2025, baada ya uchaguzi wetu wa Oktoba, Marekani ilitangaza kwamba inapitia upya uhusiano wake nasi, ikihoji, pamoja na mengine, ukatili dhidi ya raia. Wana unafiki wao, nakubali. Ila unafiki wa anayeuliza haulifuti swali, na Watanzania waliliuliza kabla yake. Wizara ikilijibu kwa wageni tu, sisi tutakuwa tumejibiwa nini?

Ninachoomba si kikubwa. Kila Tanzania inapopiga kura Umoja wa Mataifa kwenye jambo la vita au haki za watu, au inapokaa kando, Wizara itoe maelezo ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili wiki hiyo hiyo: tumefanya hivi, kwa sababu hii, na hili hatutalivumilia. Mikataba mikubwa na mataifa haya ifike bungeni mapema chini ya Ibara ya 63 ya Katiba, inayolipa Bunge kazi ya kuiridhia, wabunge wakiwa na muda wa kuisoma na sisi tukiwa na muda wa kuwapigia simu. Kama siri ya nchi inazuia jambo fulani, semeni inazuia, tutaelewa. Muuza mabondo anajua kutunza siri ya bei.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mchuuzi wa samaki, Kirumba, Mwanza