Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Usafiri na Maegesho: tuuzieni nafasi kwa siku

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salaam. Nakuandikia nikiwa nimekaa ndani ya gari, saa kumi na dakika chache jioni, muda wa kazi. Nimelitoa upande mmoja wa barabara na kulileta upande wa pili, maana tiketi ya mtaani ni ya saa 2 tu na baada ya hapo gari liondoke. Nina wiki ya 6 tangu niajiriwe, na siku zangu za zamu ndefu simu inalia saa nane kasorobo, halafu saa kumi kasorobo. Ikilia naomba udhuru, nashuka ngazi, nazunguka mtaa nikibahatisha. Wiki ya kwanza ya mafunzo msimamizi wangu alidhani tumbo linanisumbua. Wiki ya pili akaniuliza kwa upole kama nina mgonjwa nyumbani. Nilipomwambia ni gari, alicheka kwa kweli. "Kumbe ni hilo! Sote tulianzia hapo, dada. Vumilia tu, zamu yako itafika."

Nimejaribu kuvumilia. Kilichonishinda ni hesabu.

Siku 2 kwa wiki naanza asubuhi, nakuja na basi, sina shida na mtu. Siku 3 zilizobaki naingia saa sita mchana na kutoka saa tatu usiku, wakati mabasi ya njia yetu yameshakwisha. Siku hizo sina budi kuja na gari. Kwa mwezi ni kama siku 13. Kibali cha mwezi cha kiwanja chenu kinauzwa kwa bei ya tiketi 12 za siku. Maana yake, mimi ninayeegesha nusu ya mwezi nalipa zaidi ya yule anayeegesha mwezi mzima, na nalipa hivyo kwa kukimbizana na saa, wakati mwenzangu analiacha gari lake chini ya mti. Nikinunua tiketi za saa mbilimbili mtaani, jumla inatoka karibu hapohapo. Mshahara wangu ni wa majaribio, wa chini kuliko wote ghorofani kwetu. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Sikujua walikuwa wanazungumzia bei ya kuegesha.

Utaniambia nijiandikishe kupata kibali. Nimejiandikisha siku ileile ya kwanza, kabla hata sijapewa kiti. Mimi ni wa 214 kwenye orodha.

Sasa naomba nikueleze ninachokiona kila ninapofika mchana. Safu za tiketi ya siku zimejaa tangu asubuhi, kijana wa getini ananionyesha kwa mkono tu kwamba nisijisumbue. Nyuma yake ziko safu za wenye vibali, nafasi 60, zimechorwa mistari ya njano. Siku 3 za wiki iliyopita nilisimama na kuzihesabu: siku ya kwanza zilikuwa tupu 23, ya pili 19, ya tatu 26. Kwenye mojawapo paka alikuwa amelala katikati kabisa, miguu juu, kama mtu aliyelipia mwaka mzima. Mimi nikarudi mtaani kuzunguka.

Nafasi hizo zina wenyewe. Mmoja ni mzee tunayeketi naye meza moja, mtu mwema sana, ndiye aliyenifundisha mfumo wa kazi. Kibali chake anacho miaka mingi; ameshanionyesha, karatasi ndani ya mfuko wa nailoni, pembe zake zimeliwa na jua la kwenye dashibodi. Anakaa karibu, mwendo wa robo saa kwa miguu, na daktari amemwambia atembee. Nilimuuliza kwa nini basi asitembee.

"Mwanangu, nimeshalipia. Nikitembea, hela si imekwenda bure?"

"Si uache kulipia, mzee?"

"Nikiruka mwezi mmoja jina linatoka. Nitarudi nyuma yako wewe. Na mguu huu siku ukikataa, nitaegesha wapi?"

Alipokwenda likizo ya wiki 2 aliniambia nikae pale pake, hana neno. Nikajaribu. Kamera ya getini ikasoma namba ya gari langu, kizuizi hakikuinuka, na nyuma yangu wakajipanga watu wanapiga honi. Wiki 2 nafasi ile ilikaa tupu, mwenyewe ameridhia, mhitaji yupo, na ninyi mmelipwa tayari.

Simlaumu mzee. Angekuwa mjinga kufanya vinginevyo. Kibali cha mwezi kinamtaka alipe mara moja mwanzoni, na baada ya hapo kila siku anayokuja na gari ni kama ya bure, na kila siku anayoliacha ni kama hasara. Juu ya hapo mmemtishia kwamba akiachia, harudi. Amefungwa na kibali chake kama mimi nilivyofungwa na kengele ya simu. Msongamano tunaoulalamikia asubuhi, sehemu yake ni watu wanaoendesha gari kwa sababu wameshalilipia mahali pa kulala mchana.

Wengine wamelitatua jambo hili bila kujenga chochote. Chuo cha MIT huko Marekani kiliachana na kibali cha mwaka kwa wafanyakazi wake mwaka 2016, kikaanza kutoza kwa siku, kwa kikomo ambacho mtu hakipiti hata akija kila siku, na papo hapo kikawapa usafiri wa basi na treni ya mjini bila malipo. Hospitali ya watoto ya Seattle nayo inawatoza wafanyakazi wake kwa siku, na asiyekuja na gari peke yake anaongezewa kitu kidogo. Hospitali, Mheshimiwa, yenye zamu za usiku na watu wasioweza kuchelewa. Kama imewezekana huko, safu zetu 4 za mistari ya njano haziwezi kuwa ngumu zaidi.

Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 1992: mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi anayewakodia maegesho na kuwapa bure awape pia hiari ya kuchukua fedha badala ya nafasi. Profesa Donald Shoup wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alizifuatilia kampuni 8 zilizofanya hivyo. Kabla, wafanyakazi 76 kati ya 100 walikuwa wanakuja kila mtu na gari lake. Baadaye wakawa 63. Hawakufukuzwa wala kuhubiriwa. Walipewa tu sababu ya kufikiri upya kila asubuhi, sababu ambayo mzee wangu hana.

Wapo wenzangu watakaosema barua hii ingedai maegesho ya bure, au jengo la ghorofa la kuegesha. Mimi sidai. Gari moja limesimama linataka kama mita 2.5 kwa 5, na ukiweka njia ya kuingilia na kugeuzia, kila nafasi inakula mita za mraba 25 hadi 30. Meza yangu ya kazi, kiti na kabati kwa pamoja havifiki hata robo ya hapo. Ghorofa la kuegesha litalipwa na nani? Litalipwa pia na yule dada wa usafi anayefika kwa miguu alfajiri, ambaye hajawahi kushika usukani. Maegesho yawe na bei, sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni kwamba bei imewekwa ili aliyetangulia apate punguzo na anayefuata alipie pengo.

Ninachoomba ni hiki. Vibali vya mwezi vibadilishwe viwe malipo ya siku, kwa kikomo: mtu akishalipa siku 12 ndani ya mwezi, zilizobaki asitozwe. Anayeegesha kila siku hatalipa zaidi ya anavyolipa leo. Mzee wangu akitembea siku 15, atalipia 7, na jina lake lisifutwe kwa kosa la kutembea. Nami kwa siku zangu 13 nitalipa sawa na kila mtu. Kamera ya getini inasoma namba za magari tayari, kwa hiyo mnajua nani aliingia siku gani. Hakuna mtambo mpya wa kununua. Nafasi za wenye ulemavu zibaki kama zilivyo, zisiguswe. Na zamu zinazoanza mchana zitengewe nafasi chache hadi saa saba mchana, kwa sababu anayeingia adhuhuri hawezi kushindana na anayeingia alfajiri.

Najua hofu ya ofisi yako itakuwa mapato. Mwenye kibali hulipa mwanzo wa mwezi, fedha inaonekana, mahesabu yanafungwa. Ila nafasi 20 na ushee zinazolala tupu kila mchana, wakati watu zaidi ya 200 wako kwenye foleni, nazo ni mapato, mnayaacha yamelaliwa na paka. Kama mabadiliko ya jumla yanatisha, jaribuni safu moja, miezi 3, mhesabu wenyewe.

Na jambo dogo la kando, ambalo labda si lako bali la waajiri: gharama ya kuegesha iandikwe kwenye barua ya kazi. Mimi niliisaini yangu kwa furaha, nikapiga hesabu ya nauli, ya chakula cha mchana, hata ya viatu. Hili sikuliwaza. Kila mwezi linachukua karibu sehemu moja kati ya 8 ya mshahara niliousherehekea.

Naishia hapa, kijana wa tiketi anakuja upande huu na dakika zangu za mapumziko zimekwisha. Jana nilipita dirishani kwenu kuuliza nimefikia wapi kwenye orodha. Karani aliangalia kompyuta, akaangalia tena, akaniambia kwa huruma kwamba mwezi huu hakuna aliyetoka.

Wako,
Mfanyakazi mpya, namba 214