Jumamosi: saa imebadilika, naomba mjibu

Habari zenu wapendwa. Jioni yetu ya Kristin Chenoweth, yule mwimbaji na mwigizaji wa Marekani, iko palepale Jumamosi hii, kwangu hapa Dallas, ila tunaanza saa kumi jioni sio saa moja.

1. Mchango dola 15, yaani 5 za msosi na 10 zinaenda The Trevor Project wanaopokea simu za vijana mashoga waliokata tamaa. Mwisho Alhamisi usiku. Kristin ni mtu wa kanisa kabisa na 2005 kongamano la wanawake Wakristo lilimwondoa kwa kuwaunga mkono mashoga, na hajarudi nyuma mpaka leo, ndo maana nataka hela iende huko.

2. Tutaangalia klipu ya Kristin kwenye ukumbi wa Hollywood Bowl, Los Angeles, 2013, alipomwita shabiki jukwaani waimbe For Good, ule wimbo wa Glinda na Elphaba kwenye mchezo wa muziki wa Wicked, kumbe yule dada ni mwalimu wa sauti, Kristin mwenyewe akabaki mdomo wazi, jamani mi sichoki kuiona! Halafu na sisi tunaimba wawiliwawili, semeni nani Glinda nani Elphaba.

3. Natafuta wawili wa chapati na mmoja wa chai.

Andika NAKUJA au SIJI hapahapa, na kama unaleta mgeni sema, anakaribishwa sana.